Homuweki ya Mtoto, Kazi ya Saiba

Pita saiba yoyote ya Ruiru saa moja jioni, siku za shule. Foleni ni ya wazazi. “Niprintie picha za mmomonyoko wa udongo, za rangi, ni za Gredi 5.” Mzazi analipa, mtoto anabandika, mwalimu anaweka vema. Nani amefikiria hapo? Labda msee wa saiba.

CBC ilipoanza nchi nzima 2019, sisi wa 8-4-4 tuliambiwa kukremu kumeisha, mwanafunzi ndiye atakuwa katikati ya darasa. Wale wa kwanza waliingia Gredi 10 Januari 2026. Katikati wapo, sawa. Lakini wanaulizwa nini?

Swali zuri halihitaji printa. Mto Thika umezuiwa kule Ndakaini, Murang'a, na Mto Ruiru una bwawa lake pia. Maji ya mabwawa yote mawili yanaenda Nairobi. Mbona basi kuna mama hapa Ruiru anayenunua maji kwa mtungi? Waachie Gredi 7 hilo wiki nzima. Wahesabu mitungi ya nyumbani, wamhoji muuza maji, wabishane nani achote kwanza na kwa nini. Watakosana, na hakuna pa kunakili jibu.

Najua, walimu watasema darasa limejaa mpaka dirishani, na kweli limejaa. Makundi ya watoto wanane wanane yana kelele. Basi mwalimu, anza na swali moja tu kwa muhula, na hiyo wiki uwakataze kukanyaga saiba.