Moyo wa Kima Usiachwe Mtini

Wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu,

Nimesoma hadithi za kale za Kihindi, zile za Panchatantra zilizoandikwa kwa Kisanskriti. Humo nimekuta kima juu ya mti, na majini yumo rafiki yake mamba, anautaka moyo wake. Kima anajiokoa kwa kusema moyo ameuacha mtini. Je, si hadithi ya bibi hiyo?

Kwetu mamba ni papa, na mti ni mkuyu. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja, nayo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima akishaokoka humsimulia papa habari za punda asiye na moyo wala masikio. Punda huyo naye yumo katika kitabu cha Kihindi, na huko pia ni wa dobi! Hata neno "dobi" limetoka kwao.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiajemi cha kale katika karne ya 6. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, kikaitwa Kalila wa Dimna. Majahazi yalibeba nguo na tende kuvuka bahari, na hadithi hailipi nauli.

Wengine watasema, "Kumbe si yetu, tuliazima tu." Mimi sikubali. Katika ile ya Kihindi, mke wa mamba ndiye anayetaka moyo, kwa wivu. Katika yetu, sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ile inauliza kama urafiki utasalimika wivu ukiingia nyumbani. Yetu inauliza kama mkubwa ana haki ya kudai uhai wa mdogo. Aliyebadili swali hilo ni msimulizi wetu, kwa hiyo hadithi ni yetu pia.

Hofu yangu ni nyingine. Hapa ugenini, ya Kihindi utaipata maktaba, kwa Kiingereza na picha nzuri. Ya kwetu imo kichwani mwa bibi. Mtoto atakayeisoma kwa Kiingereza tu atakijua kisa, lakini akiambiwa "Paukwa!" atanyamaza.

Basi, wazazi, azimeni kitabu cha Kihindi mkisome pamoja. Kisha wekeni simu kando, msimulie ya kwetu kwa Kiswahili, hata kwa kusitasita.

Nanyi watoto, mpigieni bibi au babu. Mwulizeni: kwenu alikuwa mamba au papa? Mti gani? Ungekuwa papa, ungemtii sultani au ungemlinda rafiki? Njooni na majibu darasani. Neno likiwapotea, ulizeni, msikimbilie Kiingereza.

Paukwa?