Gumba la Baba Watoto

Mwezi huu mniruhusu nizungumzie kidole. Tena kimoja tu, gumba la mkono wa kulia la mume wangu, ambalo nusura linifanye nimshuku mtu asiye na kosa.

Ilianzia Mtera. Mnaosafiri kati ya Dodoma na Iringa mnapajua, pale barabara inapokatiza juu ya bwawa. Wahandisi watakwambia lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, na kwamba tangu 1988 lina mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Sisi wapita njia tunalijua kwa perege wa kukaanga. Tukasimama, tukala. Mume wangu akaona kijana ana pikipiki, akaomba aiendeshe kidogo kuelekea ufukweni. Nikamwambia, "Baba, wewe mara ya mwisho kupanda pikipiki ulikuwa chuo." Akacheka. Kwenye mchanga gurudumu la mbele likakataa, akaenda chini akiwa bado ameng'ang'ania usukani.

Alinyanyuka, akajipangusa, akasema kateguka tu. Zahanati tuliyopitia njiani walimpa dawa ya maumivu. Tuliporudi mjini shangazi yake akamleta mama mmoja wa kukanda, na mafuta yake ya moto. Gumba likavutwa, likanyooshwa, likavutwa tena. Uvimbe ukapungua. Tukasahau.

Yaani mimi nilisahau. Yeye hakusahau, ila alinyamaza, si mnawajua wanaume wetu. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona vituko. Chupa ya maji ananipa mimi niifungue, eti mikono ina jasho. Ufunguo wa gari anauzungusha kwa mkono wa kushoto. Hayo nikayaacha yapite. Kilichoniuma ni binti yetu wa miaka miwili, aliyezoea kurushwa juu kila jioni baba akirudi. Sasa anakimbia mlangoni amenyoosha mikono, baba anampapasa kichwa na kupita kwenda chumbani. Mtoto analia. Na mimi, naomba radhi, nikaanza kukagua simu.

Kumbe siku moja mimi nikiwa kazini alimbeba na gumba likaachia. Mtoto alikuwa anateleza, akamdakia tumboni. Tangu hapo akaogopa kumgusa, na akaona aibu kuniambia.

Kwa nini kidole kiachie hivyo? Hili nilielezwa na daktari wa mifupa, kisha nikajisomea. Gumba letu limesimama juu ya kiungo cha ajabu, kule chini karibu na kifundo cha mkono. Mfupa mmoja umekaa juu ya mwenzake mithili ya tandiko juu ya mgongo wa punda, na punda Dodoma si wageni. Ndiyo maana gumba linaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na hata kuvuka kiganja likutane na kidole cha mwisho. Ila uhuru huo una bei. Kwa kuwa mifupa haijabanana, kazi kubwa ya kuishika inafanywa na ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Na mzigo wenyewe si mdogo. Watafiti wa Marekani, Cooney na Chao, walipiga hesabu mwaka 1977: ukibana kitu kwa ncha ya gumba kwa nguvu ya kilo 1 tu, kiungo cha chini kabisa kinabeba kama kilo 12.

Kiungo kilichomuumiza mume wangu ni kinachofuata, pale gumba linapochomoza kutoka kwenye kiganja. Hicho kina ligamenti huku na huku. Ile ya ndani, upande wa kidole cha shahada, ndiyo inayozuia gumba lisisukumwe nje unapobana ufunguo, kalamu au mtoto. Ukianguka umeshika usukani, gumba hunasa na kupinduliwa mbali na kiganja, na ligamenti hiyo ndiyo inayokatika. Wenzetu wanaoteleza kwenye theluji na fimbo mkononi wanaijua sana. Kabla yao, mwaka 1955, daktari mmoja aitwaye Campbell aliandika kuhusu walinzi wa mashamba ya mawindo kule Scotland, ambao magumba yao yalilegea polepole kwa kuvunja shingo za sungura mwaka hadi mwaka.

Sasa sikia sehemu iliyonitoa jasho. Mwaka 1962 daktari wa Uswidi, Bertil Stener, alieleza kwa nini baadhi ya magumba haya hayaponi hata yakifungwa vipi. Juu ya ligamenti hiyo kuna utando mgumu wa msuli. Ligamenti ikikatika kabisa, ncha yake inaweza kuchomoka na kukaa juu ya utando, wakati mahali pake ni chini. Ni kamba iliyokatika, ncha moja iko ndani ya ukuta na nyingine nje. Utaziunganishaje bila kubomoa? Hapo dawa ni upasuaji tu, na ni bora ufanyike ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Ikiwa imechanika kidogo tu, mara nyingi inatosha kulifunga gumba lisicheze kwa wiki nne hadi sita.

Sisi tulifika tumechelewa kwa miezi. Na ule mkando? Daktari alinitazama tu. Gumba lililoumia hivi halivutwivutwi. Linapigwa eksirei kwanza, maana wakati mwingine ligamenti hung'oka na kipande cha mfupa, na kulikunja ovyo kunaweza kuhamisha kilichokuwa bado mahali pake. Uvimbe au michubuko upande wa ndani wa gumba, na kubana kitu kukawa dhaifu, hizo zinatosha kukupeleka kwa daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo. Dodoma wapo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dar wapo MOI pale Muhimbili.

Kwa kuwa ligamenti yake ilishasinyaa, walichukua uzi wa msuli kutoka mkononi mwake mwenyewe wakamtengenezea nyingine. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo, utaona uzi unaojitokeza katikati. Watu wengine hawana kabisa na hawajui. Nilipomwomba auoneshe kabla ya upasuaji, alichekelea kama mtoto: anao mikono yote miwili.

Wiki za hogo nilimchambulia miiba ya samaki na kumfunga vifungo. Mazoezi yalipoanza alikaa sebuleni akibana na kuachia vibanio vya nguo. Daktari alisema nguvu huenda zisirudi zote. Binti anabebwa tena, ila sasa kwa kupitishiwa mikono yote chini ya makalio, na hajalalamika.

Simu nilishamwambia kwamba niliikagua. Alinyamaza siku nzima. Mwezi ujao tunapita tena Mtera, tuna harusi Iringa.