Kidole kimoja hakivunji chawa



Kocha wa basketi akikaa peke yake, siku anahama timu inakufa. Watoto wanaenda wapi? Kwenye mashimo ya koltani kule Rubaya, ao ya kasiterite kule Walikale.

Musikilize mambo ya Marekani, mwaka 1927. Wakubwa wa sheria walitaka mchezaji adundishe mpira mara moja tu. Phog Allen, kocha wa Kansas, akaita wenzake. Wakaunda chama, wakakataa kwa sauti moja, na sheria ile ikaondolewa. Kila kijana anayedundisha mpira leo anakula matunda yao.

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inakubali vyama visivyotafuta faida. Basi makocha wa Masisi na Walikale, mukutane. Feza ya chama iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Anayejua zaidi afundishe wenzake. Mmoja akihama, mwingine apokee watoto wake. Asiyeheshimu mabinti asimamishwe, hata kama anashinda mechi zote.

Na weye mzazi, usingoje. Uulize leo: nani anafundisha mtoto wangu, na nani anamuangalia huyo mwalimu?