Uzani wa mkate mmoja: Je, kipakatalishi chembamba chafaa Olkaria?

KATIKA maduka ya tarakilishi jijini Nairobi na mjini Nakuru, sifa ya kwanza ambayo muuzaji humtajia mteja ni wepesi. Hukishika kipakatalishi kwa vidole viwili, akakigeuza ili wembamba wake uonekane, kisha akamkabidhi mteja akipime kwa mkono wake mwenyewe. Ni nadra kumwona muuzaji akilegeza skrubu za kifuniko cha chini ili mteja atazame kilichomo.

Hata hivyo, kwa mhandisi, mwanajiolojia au karani wa mwanakandarasi ambaye riziki yake iko Olkaria, ni chini ya kifuniko hicho ambako jibu la swali lake limefichika.

Olkaria, iliyo takriban kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Nairobi katika Kaunti ya Nakuru, ndiyo nguzo ya kawi ya mvuke nchini. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Katika miaka ya hivi karibuni kawi hiyo imechangia zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya.

Wanaofanya kazi huko si watu wa kukaa mahali pamoja. Asubuhi mtu huwa ofisini, adhuhuri yuko kando ya kisima akinakili vipimo, na kesho yake amepanda matatu kwenda Nairobi kuwasilisha ripoti, au kuelekea Menengai ambako shirika la GDC limechimba visima vingine. Mtu wa aina hiyo ana haki ya kutamani chombo kisichomchosha bega. Lililo muhimu ni kujua atalipia nini ili kuupata wepesi huo.

Mbio za wembamba zilianza Januari 2008, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoichomoa MacBook Air ndani ya bahasha mbele ya hadhira. Ilikuwa na uzani wa kilo 1.36, tundu moja tu la USB, na betri ambayo mwenyewe hangeweza kuibadilisha kwa urahisi. Mwaka wa 2011 kampuni ya Intel ikabuni jina “Ultrabook” kwa mashine za kundi hilo, na kuweka masharti: zenye skrini ndogo zisizidi unene wa milimita 18, na betri idumu angalau saa tano.

Tangu hapo ufundi umepiga hatua kubwa, na si haki kuukana. Mashine nyingi za leo zina uzani wa kati ya kilo moja na kilo 1.3, na zilizo bora hufanya kazi kutwa nzima bila kuchajiwa. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu kote nchini kwa saa nyingi, aliyekuwa na betri ya kutegemewa alijua thamani yake. Aidha, nyingi huchajiwa kwa tundu la USB-C, hivyo basi msafiri anaweza kutumia chaja moja kwa simu na kwa kipakatalishi.

Kwa hivyo hoja si kwamba vyombo hivi ni vibaya. Hoja ni kwamba wembamba una gharama yake, na Olkaria ni mahali ambapo gharama hiyo hudaiwa mapema.

Mvuke unaotoka ardhini huandamana na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ambayo mgeni anayetembelea eneo hilo huitambua kwa harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hushambulia shaba na fedha, madini mawili ambayo bodi yoyote ya kielektroniki huyategemea. Huyafunika kwa utando mweusi, na penye unyevu utando huo huweza kutambaa kutoka njia moja ya umeme hadi nyingine na kuziunganisha zisipopaswa kuunganishwa. Siku hiyo kipakatalishi huzimika, na mwenyewe hudhani ni bahati mbaya.

Tatizo hili linajulikana viwandani. Shirika la kimataifa la wataalamu wa mitambo ya kujiendesha, ISA, huipanga hewa ya vyumba vya mitambo katika madaraja manne, kuanzia G1 hadi GX, kwa kupima jinsi vipande vya shaba na fedha vinavyoliwa na kutu kwa kipindi cha mwezi mmoja. Baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia matumizi ya risasi katika vifaa vya kielektroniki kuanzia Julai 2006, baadhi ya watengenezaji waligeukia bodi zilizopakwa fedha, na matatizo ya kutu ya salfa yakaongezeka.

Mwezi Mei 2024, kampuni ya Microsoft na ile ya G42 ya Muungano wa Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja uliojumuisha kituo cha data cha kutumia kawi ya mvuke huko Olkaria. Kituo cha namna hiyo kinaweza kujengewa vichujio vya kaboni vya kuisafisha hewa kabla haijaifikia mitambo. Kipakatalishi kilicho mkobani mwa mfanyakazi hakina kinga hiyo. Hewa ambayo bwana wake anaivuta ndiyo nacho hukivuta, pamoja na vumbi laini la majivu ya volkano.

Hapa yafaa kutaja nukta moja inayowapendelea wembamba. Kuna mashine, kama MacBook Air za tangu Novemba 2020, ambazo hazina feni kabisa. Zisipovuta hewa kwa nguvu, vumbi na gesi huingia kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini kidogo si sufuri, na kutu ikishaingia ndipo kasoro kubwa ya vyombo vyembamba hujitokeza.

Kasoro yenyewe ni kwamba katika vingi vya vyombo hivyo kumbukumbu ya RAM imelehemiwa kwenye bodi kuu. Katika baadhi yake hata hifadhi ya data imelehemiwa papo hapo. Kipande kimoja kikiharibika, fundi wa Naivasha hana cha kuchomoa wala cha kuchomeka. Hubakia kubadilisha bodi nzima, na bei ya bodi huweza kukaribia ile ya kipakatalishi kingine. Kazi zilizohifadhiwa humo nazo huweza kupotea zisipokuwa na nakala.

Linganisha na ThinkPad T480 ya mwaka wa 2018, ambayo Wakenya wengi huinunua ikiwa imekwisha kutumika ng’ambo. Uzani wake ni takriban kilo 1.6. Ina nafasi mbili za kuchomeka RAM, na betri mbili ambazo moja hutolewa kwa mkono bila skrubu. Ina tundu la waya wa mtandao pamoja na matundu ya USB ya kawaida, ambayo vifaa vingi vya kupimia vilivyo kazini bado huyahitaji. Huchajiwa kwa USB-C pia. Upungufu wake ni skrini: katika matoleo ya kawaida ina mwangaza hafifu, na kwenye jua kali la Bonde la Ufa mtumiaji hulazimika kutafuta kivuli.

Tofauti ya uzani kati yake na kipakatalishi chembamba cha kilo 1.2 ni gramu 400. Huo ni uzani wa mkate mmoja wa dukani. Mfanyakazi anayetoka Karagita kila alfajiri apaswa kujiuliza iwapo kuuepuka mzigo wa mkate mmoja kunatosha kumfanya anunue kitu kisichoweza kutengenezwa.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa anayejinunulia. MacBook Air ya Machi 2025 ilizinduliwa Marekani kwa bei ya kuanzia dola 999 kabla ya kodi. Kwa kibarua wa mkataba wa miezi sita, au mwanafunzi aliye mafunzoni kazini, hiyo ni fedha ambayo familia haiwezi kuitoa mara mbili.

Lakini anayekimbilia vilivyotumika naye asijione salama. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuimarisha usalama wa Windows 10. Windows 11, kwa upande wake, kwa jumla huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au ya baadaye. T480 yenye prosesa ya kizazi hicho imevuka kizingiti hicho kwa unyoya. Ndugu yake mkubwa, T470 ya mwaka wa 2017, imeachwa nje. Kwa macho mashine hizo mbili ni kama pacha. Mnunuzi asiyesoma nambari ya prosesa huenda akauziwa ya pili kwa bei ya ya kwanza.

Wala si kweli kwamba wembamba na ukarabati haviwezi kukaa nyumba moja. Kampuni ya Framework ilithibitisha hivyo mwaka wa 2021 kwa kipakatalishi cha takriban kilo 1.3 ambacho mwenyewe anaweza kubadilisha karibu kila sehemu yake. Mwaka wa 2024 Lenovo nayo ilitoa ThinkPad T14 ya toleo la tano ikiwa imerejeshewa nafasi mbili za RAM. Kulehemu kila kitu, basi, ni uamuzi wa mtengenezaji.

Kutokana na hayo, hukumu haiwezi kuwa moja kwa wote. Afisa ambaye kazi yake ni mikutano ya Nairobi na safari za ndege, tena mwajiri ndiye anayelipa, atafaidi wepesi bila majuto makubwa. Anayeshinda kando ya visima, na anayelipa kwa jasho lake, ni heri achague kinachofunguka, hata kama kitamlemea kidogo.

Yeyote kati yao atakayeingia Olkaria azingatie mambo matatu: asikiache kipakatalishi kikiwaka bila kazi karibu na visima, akihifadhi katika mfuko usiopitisha hewa kikishapoa, na awe na nakala ya kazi yake mahali pengine kila jioni. Kabla ya kulipa, asome dhamana aone iwapo inagharamia madhara ya kutu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Siku hizi hata kisicho kizuri hujiuza, mradi ni chembamba. Mnunuzi wa Olkaria na amwombe muuzaji bisibisi kwanza, ndipo akipime kwa mkono.