Kifafa Hakiambukizi, Acheni Kuwakimbia Wagonjwa

Mtoto akianguka kifafa karibu na moto, wapo watu wazima wanaorudi nyuma badala ya kumvuta. Wanaogopa mate, povu, mkojo, hata ushuzi wake: eti ukimgusa wakati huo, nawe umekipata. Mtoto anaungua huku watu wakitazama, na huo unaitwa uangalifu. Ni ukatili.

Wanaoitetea imani hii wana hoja moja inayostahili jibu: kama hakiambukizi, mbona vijiji vingine vimejaa wagonjwa? Kweli vimejaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga, Morogoro, ulikuta wenye kifafa zaidi ya 200 kati ya watu wapatao 18,000. Kijiji kimoja kilikuwa na wagonjwa 5 tu kwa kila watu 1,000, kingine 37.

Lakini mate yapo kila kijiji. Kinachotofautiana ni mazingira. Nzi wa usubi huzaliana kwenye mito yenye kasi, na tafiti za Mahenge, huko huko Ulanga, zimeuhusisha usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi hao, na kifafa. Kwingine ni mayai ya tegu kutoka kinyesi cha binadamu, yakiliwa na chakula kichafu, ambayo viluwiluwi vyake huweza kufika ubongoni. Kwingine ni malaria kali utotoni, au mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ndugu wawili wakiugua, hawakupeana mate. Huenda waliumwa na nzi walewale, au wamerithi kitu kimoja. Anayetaka kuogopa, aogope kijiji kisicho na vyoo.

Hofu hii pia inamfungia mgonjwa ndani, mbali na zahanati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabito ni dawa ya bei nafuu, ila inywewe kila siku bila kukatishwa ghafla. Serikali inayoiacha ikosekane zahanati inawapa waganga wateja.

Mtu akianguka, mwondoe penye moto au maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye. Zikipita dakika 5 hajatulia, mpelekeni hospitali. Katika yote hayo utamgusa, na hutapata kifafa.