Vifaranga Si Mzigo wa Buti

Mtu anapokea maboksi mawili ya vifaranga stendi ya Misuna mjini Singida, anakata kamba, anakuta wa katikati wamelala chali na wa pembeni wamelowa. Anampigia simu aliyemuuzia, anaambiwa basi lilichelewa. Anamgeukia kondakta, anaambiwa kazi yake ni kufikisha mzigo na mzigo umefika. Nyumbani jirani anamwambia ni husuda. Wiki haijaisha, wengine nao wamekwenda, na mwenye mali anaapa kwamba kuku hawana faida.

Visingizio hivi tumevisikia vya kutosha. Joto la buti linaua, kiu inaua, na banda lenye baridi linamalizia. Yote matatu mnunuzi anaweza kuyazuia kabla hajatuma hata shilingi moja, na bado kila msimu yanarudi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Singida ni mkoa wa kuku. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika hapa anajua kuku wa Singida ni kuku gani, na matenga yanayotoka Iramba, Mkalama na Ikungi kwenda mjini yameanza kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaagiza pia. Vikundi vya akina mama, vijana na wastaafu wanataka chotara, Kuroiler au Sasso, wanaokua haraka kuliko kuku wa kienyeji. Vifaranga hao wanatoka mbali: Dar es Salaam, ambako ni takriban kilomita 700, au Iringa, ambako lazima upitie Dodoma ndipo upande huku. Wengine wananunuliwa kwa fedha za mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Vifaranga wakifa, mkopo haufi.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi wamelisikia nusu. Kifaranga anapokaribia kuanguliwa, hufyonza kiini cha yai kilichobaki na kukiingiza tumboni. Akiba hiyo inaweza kumweka hai hadi saa 72 bila chakula wala maji. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanasafirishika, na ndiyo maana Posta ya Marekani imekuwa ikiwapeleka wafugaji wake vifaranga tangu mwaka 1918. Wauzaji wetu wanazijua hizo saa 72 na wanazitaja kama dhamana: “Usiwe na wasiwasi, siku tatu hawana shida.”

Shida ipo. Saa zinaanza kuhesabiwa kifaranga anapotoka kwenye ganda, hazingoji basi liondoke. Mayai ya mashine moja hayaanguliwi kwa dakika moja. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima. Kisha kuna kuchambua, kuchanja, kupakia, kulala ofisi ya mizigo, safari yenyewe, halafu bodaboda kutoka mjini hadi Ilongero au Nduguti. Tena saa 72 ni ukomo wa kifaranga aliyekaa mahali penye joto sahihi na hewa safi. Anayehema kwa joto anapoteza maji kila anapopumua, na akiba yake inaisha mapema. Mfugaji makini anataka vifaranga wake wanywe maji ndani ya saa 24, na zikizidi sana zisivuke 36.

Sasa tutazame buti. Ni chumba cha bati kilicho karibu na injini na barabara, hakina dirisha, kinapitisha vumbi na wakati mwingine moshi. Ndani yake kuna magunia ya vitunguu, mabegi na ndoo za mafuta ya alizeti. Maboksi ya vifaranga yanawekwa juu kwa juu, na Dodoma likipanda begi jingine linasukumwa hadi linaziba matundu. Basi likisimama juani abiria wakipata chakula, hata ule upepo mdogo wa mwendo unakata. Vifaranga 100 waliokaa pamoja wanatoa joto lao wenyewe, na boksi lisipopumua, la katikati linageuka oveni. Hapo hakuna ugonjwa wa kutafuta wala dawa ya kununua.

Kuna boksi la vifaranga, na kuna boksi la sabuni lililotobolewa kwa spoku ya baiskeli. La vifaranga limegawanywa vyumba vinne, kila kimoja vifaranga 25, ili wasikimbilie kona moja na kulaliana. Lina matundu pande zote na juu, na limetengenezwa ili yakipangwa ibaki nafasi ya hewa katikati. Muulize muuzaji atakupakilia kwenye boksi gani. Akisita, umeshapata jibu.

Dawa ya buti ni nyepesi kiasi kwamba tunashangaa inavyokwepwa: mtu asafiri na vifaranga wake. Mwenye 100 ataona nauli ya kwenda na kurudi ni hasara, na kwa peke yake ni kweli. Lakini mtaa mmoja una wafugaji watano au sita, na kila mmoja anaagiza kivyake, wiki yake, kwa basi lake. Wakiagiza siku moja, nauli ya mmoja wao inagawanywa hadi inakuwa kitu kidogo kuliko vifaranga kumi waliokufa. Wakiwa wengi zaidi wanaweza kukodi Noah, wakatoa viti vya nyuma, wakafungua vioo kidogo na kuja nayo moja kwa moja. Vikundi vya VICOBA tunavyo karibu kila kijiji. Watu wanaoweza kukopeshana fedha kila wiki hawashindwi kukubaliana tarehe ya kuagiza vifaranga.

Na wasafiri usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na kwa kifaranga hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayetoka Dar es Salaam jioni anafika asubuhi, jua la mchana hajalipitia. Kazi ya msindikizaji ni kuweka mkono ndani ya boksi kila basi linaposimama: wakihema midomo wazi, apanue nafasi ya hewa, wakijikunyata na kulia kwa sauti kali, afunike upande wa upepo. Asiwanyunyizie maji kwa huruma, kwa sababu kifaranga aliyelowa akipigwa na upepo hadumu.

Abiria wanalalamika kwamba vifaranga wananuka na wanapiga kelele, na wana haki yao. Basi wenye mabasi wakae chini watenge sehemu. Wanabeba kuku wa mkoa huu kila siku na wanalipwa. Sehemu moja ya mzigo yenye matundu ya hewa, isiyowekwa gunia juu yake, haiwezi kuwashinda. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, na kifaranga hajaachwa nje ya sheria hiyo kwa sababu ni mdogo.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo lawama zote kwa basi zinapoishia. Familia inayongoja mzazi atoke wodini na mtoto mchanga huwa imeshachemsha maji na kutandika kitanda kabla gari halijafika. Kwa vifaranga tunafanya kinyume. Maboksi yanashushwa, ndipo mtu anatumwa mkaa, mwingine maranda, mwingine anakumbuka kwamba chombo cha maji kilipasuka. Saa mbili zinapita vifaranga wakiwa sakafuni penye baridi, baada ya safari ya usiku kucha.

Banda la kulelea liwashwe moto tangu usiku wa kuamkia siku ya kupokea, ili hata maranda ya chini yawe na joto. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa hapa. Usiku wa Juni na Julai chumba kisichowashwa moto kinaua. Ziba upande wa upepo kwa turubai au magunia, lakini acha juu wazi. Jiko la mkaa liwake nje mpaka moshi uishe ndipo liingizwe, na hewa iendelee kupita, kwa sababu gesi ya mkaa haina harufu na inaua vifaranga pamoja na anayewalinda.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakirundikana chini ya moto, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani mabawa yamelegea, wamezidiwa joto. Wakitawanyika wakila na kunywa, waache. Mpe kila mmoja maji kwanza, ya uvuguvugu, yenye glukosi au sukari kidogo, kwa kumchovya mdomo. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Kesho yake asubuhi papasa gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Likiwa limejaa na ni laini, safari imekwisha salama. Likiwa tupu kwa wengi, rekebisha joto na maji kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki.

Kuhusu kuchagua, hatutasema mengi, kwa kuwa macho kila mtu anayo. Kifaranga mzima anasimama, ana macho maangavu, kitovu kimefunga na kukauka, na nyuma hakujaganda kinyesi cheupe. Kile cheupe kinaweza kuwa ugonjwa aliorithi kwa mama yake ndani ya yai, na huo hauponi kwa kubadilisha maji. Ndiyo maana mtotoleshaji anayekusanya mayai ya nyumba ishirini na kuyatia mashine moja anakuuzia pia magonjwa ya nyumba ishirini. Tunao majirani wa namna hiyo, watu wema wanaojitafutia riziki, na tunawaambia wazi: fugeni kuku wazazi wenu wenyewe, muwachanje, na muandike tarehe.

Karatasi yenye tarehe hizo ndiyo tunayokataa kuiomba, eti tutaonekana wakorofi. Iandikwe siku ya kuanguliwa, chanjo iliyotolewa na nani aliyeitoa. Chanjo ya mareksi hutolewa siku ya kwanza, kifaranga akiwa bado kwa mtotoleshaji. Ikikosekana hapo, miezi kadhaa baadaye unaona kuku mkubwa anaburuza mguu na huna la kufanya. Na anayechuuza vifaranga stendi, asiyejua wameanguliwa lini wala wapi, asinunuliwe hata kwa nusu bei. Mwaka 2017 pale Namanga serikali iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria. Watu walisikitika, nasi tulisikitika, lakini hofu ya kuingiza mafua ya ndege haikuwa ya kubuni. Hata ndani ya nchi, kuku wanaohamishwa wanatakiwa kuwa na kibali cha daktari wa mifugo, na kibali hicho kinamlinda mnunuzi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wakishatulia, wasichanganywe na kuku wa kienyeji wanaozurura uani, maana kuku mkubwa anaweza kubeba mdondo bila kuonyesha dalili. Chanjo ya mdondo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, na ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Wachanje na wale wa uani siku hiyo hiyo. Kumchanja mgeni na kumwacha mwenyeji ni kutupa fedha.

Afisa mifugo wa kata naye ana sehemu yake. Wanaolenga soko la Krismasi huagiza kuanzia Agosti, na kila mwaka ni hivyo. Kabla ya mwezi huo kuanza, kila kata iwe na orodha ya wanaotaka vifaranga, idadi yao na tarehe moja ya kupokea, na afisa apite kukagua mabanda yenye moto kabla fedha hazijatumwa. Kazi hiyo haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji daftari, na mtu wa kusema kwamba ambaye banda lake halijawaka, vifaranga wake wangoje zamu inayofuata.