HOSPITALI NI YA WAGONJWA



Wengi wetu tunao watoto au ndugu waliokwenda Marekani kufanya kazi ya uuguzi. Kwa hiyo mambo ya hospitali za huko yatuhusu.

Tangu mwaka 2011 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walikuwa wameagizwa wasikamate watu hospitalini, shuleni wala kanisani, ila kwa sababu kubwa. Januari 2025 Serikali ililifuta agizo hilo. Litakalofuata si fumbo. Mtu asiye na karatasi akiugua atajificha nyumbani. Mama mjamzito atachelewa. Mwenye kifua kikuu atakohoa chumbani pamoja na watoto. Nao ugonjwa hauulizi pasi; jirani mwenye karatasi zote ataambukizwa vile vile.

Lakini sheria zenyewe hazikufutwa. Ile ya mwaka 1996 yalinda siri za mgonjwa. Tena ziko karatasi za namna mbili. Hati ya jaji iliyotaja mahali pa kupekuliwa yafungua mlango wa wodi. Karatasi iliyotiwa sahihi na ofisa wa uhamiaji tu haimpi haki ya kuingia mahali pasipo pa watu wote, hospitali isipokubali.

Sisi watu wa reli twajua kanuni. Dereva haondoshi gari kwa kelele za mtu stesheni. Hungoja ishara ya mwenye zamu. Hospitali nazo na zifanye hivyo. Ofisa akija, bawabu au karani asibishane naye, asimdanganye, wala asimfungulie faili. Amwite mkubwa aliyewekwa kwa kazi hiyo, aisome karatasi. Tena faili lisiandikwe habari za uhamiaji zisizohitajika kwa matibabu.

Kanuni hiyo iandikwe leo, si siku ofisa amesimama mlangoni. Si haki kumwachia mfagiaji au muuguzi wa usiku aamue peke yake, kisha afukuzwe kazi akikosea. Hapo ndipo kazi ya chama: kudai kanuni iwe wazi, na kila mfanya kazi afundishwe.

Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Walijua uchungu wa kuulizwa karatasi kila waendapo. Mgonjwa aulizwe kwanza: waumwa nini?

Umoja ni nguvu.

Mhariri